Mizani ya Mbwa: Kutoka Pangani ya 1888 hadi Misunkumilo ya Leo

Ipo kauli inayozidi kuenea miongoni mwa vijana wetu, hasa wa vyuoni, kwamba mtu asiyependa mbwa si wa kuaminiwa. Mbwa, wanasema, hanusi harufu peke yake, hunusa na nia. Basi anayemchukia kiumbe mwaminifu kiasi hicho hakosi kasoro moyoni. Ipo na kauli ya upande wa pili, kongwe zaidi mitaani kwetu, kwamba anayemlaza mbwa sebuleni na kumwita mwanangu amepotoka, kaiga ya watu na kusahau ya kwao. Kauli hizi hugombana, lakini mzazi wao ni mmoja. Zote mbili zinamfanya mbwa kuwa mizani ya kupimia tabia ya mtu.

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hili linastahili makala katika nchi yenye mambo mazito ya kujadili. Linastahili, kwa kuwa historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba mizani hii iliwahi kushikwa na wenye mamlaka, na ilipokuwa mikononi mwao watu walidharauliwa, na wengine waliuawa. Hata leo, ikishikwa na mtumishi wa umma asiyetafakari, inaweza kugharimu maisha ya mtoto. Hoja yangu ni kwamba kupenda au kutopenda mbwa hutueleza mtu ametoka wapi na amepitia nini. Tabia yake tutaijua kwingine: katika namna anavyomtendea aliye chini ya uwezo wake, awe mbwa au binadamu.

Tuanze na mahali mahsusi. Misunkumilo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mpanda ni mji uliokuzwa na wahamiaji. Machimbo ya madini ya risasi ya Uruwira, pamoja na reli ya tawi iliyotoka Kaliua, vilileta vibarua kutoka pande nyingi za Tanganyika katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wasukuma nao waliteremka na mifugo yao kutafuta malisho. Wote hao waliwakuta Wakonongo, Wabende na Wapimbwe katika misitu yao ya miombo. Kila kundi lilikuja na mbwa wake, au na sababu zake za kukaa mbali na mbwa.

Katika kata ya namna hii tunaweza kuzifikiria nyumba nne zilizo jirani. Ya kwanza ni ya mfugaji. Kwake mbwa ni mfanyakazi: hulala nje, hula makombo, hubweka fisi anapokaribia zizi. Hajawahi kupewa jina la mapenzi, wala hajawahi kunyimwa chakula chake. Ya pili ni ya mzee ambaye wazazi wake waliishi kwa kuwinda na kurina asali porini. Kwake mbwa alikuwa mwenzi wa safari, hadi zama za hifadhi zilipofika na kuonekana na mbwa kando ya pori kukawa karibu sawa na kuonekana na bunduki. Ya tatu ni ya familia ya Kiislamu inayofuata madhehebu ya Shafii. Mbwa wa jirani akipita uani hapigwi, ila hakaribishwi. Akilamba chombo, chombo kitaoshwa kama sheria inavyoelekeza. Ya nne ni ya mama ambaye ndugu yake aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Huyu akisikia mlio wa mbwa usiku huamka na kuhesabu watoto wake.

Sasa tuulize: ni nani kati ya hawa mwenye tabia njema, na nani mwenye tabia mbaya? Kwa yote niliyoyaeleza, swali hili halijibiki. Tumejua kazi zao, imani zao, hofu zao na hasara zao. Hatujajua kama mfugaji hulipa madeni, kama mzee husema kweli barazani, kama baba wa nyumba ya tatu huwatendea haki wafanyakazi wake, kama mama yule hushuhudia uongo. Kwa nini basi tumezoea kudhani kwamba jibu lipo tayari katika jinsi mtu anavyomtazama mbwa? Mazoea hayo yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko pwani.

Mwezi Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima kwa niaba yake. Mwezi Agosti mawakala wa kampuni walianza kushika forodha na kupandisha bendera yao. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Liwali wa Sultani alipokataa kutii, Zelewski aliomba askari wa manowari. Siku hizo zilikuwa za Idi Kubwa. Katika purukushani za kumsaka liwali, msikiti uliingiliwa, na Zelewski alikuwemo pamoja na mbwa wake wa kuwindia.

Waswahili wana methali isemayo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Hutumiwa kumwonya mtu asimzoeshe mjinga mpaka akavuka mipaka. Pangani ile methali ilitimia kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia, kwa maana aliyeingia na mbwa msikitini alikuwa ndiye mtawala mpya. Haikupita muda mrefu pwani ikawaka moto, na Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Saadani wakawa viongozi wanaojulikana zaidi wa vita vile. Abushiri alinyongwa huko huko Pangani mwezi Desemba 1889.

Mwanafunzi wa historia asidanganyike kudhani kwamba watu walipigana kwa sababu ya mbwa. Walipigana kwa sababu ya forodha, kodi, ardhi, heshima ya miji yao na mustakabali wa biashara ya misafara. Wamiliki wa mashamba, wapagazi, vijana wa bara waliofika mjini na wakuu wa koo kila mmoja alikuwa na lake. Mbwa msikitini alikuwa ishara iliyoyafunga mambo yote hayo katika tukio moja ambalo mtu yeyote angeweza kulisimulia.

Tazama sasa namna upande wa pili ulivyolisoma jambo hilo. Katika maandishi ya Wajerumani vita vile viliitwa Uasi wa Waarabu, na Berlin ilielezwa kwamba chanzo chake kilikuwa ushupavu wa dini na tamaa ya kulinda biashara ya watumwa. Chukizo la watu dhidi ya kudhalilishwa kwa msikiti wao likageuzwa kuwa ushahidi wa tabia yao: ni washupavu, hawana ustaarabu, wanahitaji kutawaliwa. Hivi ndivyo mizani ya mbwa inavyofanya kazi ikiwa mikononi mwa mwenye bunduki. Anayekosea ni aliyeingia na mbwa. Anayehukumiwa ni aliyechukizwa. Zelewski mwenyewe hakukaa sana duniani. Tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa Lugalo, kikosi chake kilipovamiwa na Wahehe wa Mkwawa.

Kutoka pwani ya Wajerumani twende Kenya ya walowezi wa Kiingereza, ambako mizani hii iliwekewa na chama. Mwezi Machi 1907, mlowezi mashuhuri Ewart Grogan aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa Wazungu ukitazama. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1910, katika mji huo huo kilianzishwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Sisemi kwamba wanachama wake walikuwa wanafiki wote, wala kwamba punda na maksai wa Nairobi hawakustahili kutetewa. Walistahili. Ninachosema ni kwamba katika jamii ile Mwafrika aliyempiga teke mbwa alionekana ametoa ushahidi wa ushenzi wa taifa zima, ilhali Mzungu aliyempiga kiboko mtumishi alionekana amefundisha adabu. Upande wetu wa mpaka, chini ya Wajerumani, viboko ishirini na vitano vilikuwa vya kawaida kiasi kwamba vilipata jina lake, hamsa ishirini.

Lugha yenyewe ilibeba ubaguzi huo. Mbwa wa Mzungu alikuwa na jina, ukoo na kibao cha Mbwa Mkali getini. Mbwa wa Mwafrika aliitwa mbwa shenzi, kwa neno lile lile alilotukaniwa mwenyewe. Ajabu ya mambo ni kwamba mbwa wa asili wa misitu ya Kongo walipochukuliwa kwenda Uingereza katika miaka ya 1930, walipata hadhi ya kuwa aina maalumu inayoshindanishwa katika maonyesho, kwa jina la Basenji, neno lililo ndugu wa washenzi. Mbwa hakubadilika. Aliyebadilika ni mwenye mbwa.

Kesi inayoonyesha mwisho wa mantiki hii ilitokea mwezi Oktoba 1959. Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi, alibwekewa na mbwa wa Mzungu aitwaye Peter Poole, akaokota mawe ya kujikinga nao. Poole akampiga risasi akafa. Alishtakiwa, akapatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, na licha ya maombi mengi ya walowezi kwamba ahurumiwe, Gavana Patrick Renison alikataa kuingilia hukumu. Poole alinyongwa mwezi Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kosa la kumuua Mwafrika.

Nawaomba wanafunzi waitafakari kesi hii kwa utulivu. Poole alikuwa mpenda mbwa, hilo halina shaka. Musunge, kwa wakati ule, alikuwa mrusha mawe kwa mbwa. Kwa mizani ya kauli niliyoanza nayo, wa kwanza angepita na wa pili angeanguka. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hesabu hiyo. Na si Kenya peke yake. Serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama mwezi Novemba 1933, mwaka ule ule ilipofungua kambi zake za kwanza za kuwafungia wapinzani, na mapenzi ya Hitler kwa mbwa wake Blondi yanafahamika. Huruma kwa mnyama inaweza kukaa katika moyo mmoja na ukatili kwa binadamu bila kugombana.

Lakini tusiruke upande wa pili tukaifanya chuki ya mbwa kuwa uzalendo. Mwezi Desemba 2012, Rais Jacob Zuma wa Afrika Kusini alizua mjadala mkubwa aliposema kwamba kununua mbwa, kumtembeza na kumpeleka kwa daktari ni utamaduni wa Wazungu. Ukiikumbuka picha ya mbwa wa polisi wakiachiliwa kwa waandamanaji weusi, kama ilivyokuwa Birmingham, Alabama mwezi Mei 1963, utaelewa machungu yaliyo nyuma ya maneno hayo. Hata hivyo maneno yenyewe si ya kweli kihistoria. Mbwa wa msasi wa Kikonongo, mbwa wa zizi la Kisukuma na mbwa wa misitu ya Kongo hawakuletwa na meli ya Mzungu. Kusema kwamba Mwafrika halisi hamjali mbwa ni kuikubali tafsiri ya mlowezi juu yetu, kisha kuivaa kama joho.

Hapa dini nayo husingiziwa mengi, kwa hiyo ni vyema tuwe waangalifu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wanaona mbwa si najisi. Wote wanasoma Kurani ile ile inayoruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na inayomtaja mbwa aliyelala mlangoni pamoja na watu wa pangoni. Wote wanazijua hadithi mbili za Mtume: ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Unajisi ni hukumu ya twahara, yaani ya maji, chombo na sala. Rehema ni hukumu ya matendo. Mtu anaweza kuosha chombo mara saba asubuhi na kumwekea mbwa maji jioni, na asijipinge hata kidogo.

Ndipo tunapofika kwenye tofauti ambayo mjadala huu huisahau. Kutompenda mbwa ni jambo moja. Kumwogopa ni la pili. Kumwepuka kwa sababu ya ibada ni la tatu. Kumtesa ni la nne, na hili la nne pekee ndilo linaloingia katika uwanja wa maadili. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba anayewafanyia wanyama ukatili huzoea ugumu ambao baadaye huuhamishia kwa watu. Kijana anayemfunga mbwa kamba na kumpiga kwa mzaha mbele ya wenzake anapaswa kutushtua. Msichana anayevuka barabara kwa kumwona mbwa hapaswi kutushtua. Huenda ana kovu mguuni.

Na hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na wengi wakiwa watoto. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko iliyokuwa ikiripotiwa hospitalini. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu karibu daima huua. Kabla ya dalili huzuilika: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apewe chanjo bila kuchelewa. Kwa familia iliyo mbali na hospitali, nauli na gharama ya sindano hizo huweza kuwa sawa na mbuzi kadhaa. Mtu aliyewahi kuuza mbuzi ili kumwokoa mtoto, au aliyechelewa kuuza, hana wajibu wa kutupendea mbwa.

Dawa ya tatizo hili kwa jamii inajulikana. Mbwa wasiopungua asilimia 70 wakichanjwa mara kwa mara katika eneo, ugonjwa hukatika. Kuwaua kwa sumu na risasi hakujaleta matokeo hayo, kwa kuwa wengine huzaliwa na wengine huletwa, na mara nyingi wanaouawa ni wale waliokwisha kuchanjwa.

Mfano bora tunao hapa hapa nchini. Kisiwa cha Pemba, chenye wakazi ambao karibu wote ni Waislamu, kilianza kampeni za kuchanja mbwa kisiwani kote mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakati chanjo zilikuwa zimelegea. Kampeni zikafufuliwa, na baada ya mwaka 2018 ukatokomezwa mara ya pili. Katika jamii ambamo wengi hawamgusi mbwa, kazi hiyo ilifanyika shehia kwa shehia. Ilihitaji ratiba, chanjo, watumishi wenye subira na wananchi walioelewa kwamba kumchanja mbwa ni kumlinda mtoto. Haikuhitaji mtu yeyote abadilishe hisia zake kuhusu mbwa.

Funzo hilo linawahusu moja kwa moja maofisa mifugo, maofisa afya na watendaji wa kata, wa Misunkumilo na wa kwingineko. Anayefika mtaani akiamini kwamba wasiopenda mbwa ni watu wasiojali, atazungumza nao kwa dharau, na hawatakuja. Anayefika akiamini kwamba wafuga mbwa wote ni majangili au wachafu, ataagiza mbwa wao wapigwe risasi, na wenye mbwa watawaficha siku ya chanjo. Kwa vyovyote vile kirusi kitashinda. Afisa mwenye hekima atamwendea mfugaji kwa lugha ya mifugo, mzee wa porini kwa lugha ya heshima, familia ya Shafii kwa lugha inayojua mipaka yake, na mama yule kwa lugha ya msiba. Wote wanne atawaomba jambo moja: kwamba siku ya chanjo, kila mbwa wa mtaa afikishwe mahali pa kuchanjiwa, na mtoto yeyote atakayeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaharakati nao nawaomba wayachunguze maneno yao. Kutetea wanyama ni kazi njema, na sheria yetu ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008 inawapa pa kusimamia. Lakini wanapoanza kumhubiria mwanakijiji kwamba asiyempenda mbwa hana utu, wanazungumza kwa sauti iliyowahi kusikika hapa zamani, na wazee watakaowasikiliza wanaikumbuka.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Waliona kwamba ukitaka kumjua mbwa, umtazame kwanza mwenyewe. Sisi tumeigeuza kanuni hiyo, tunamtazama mbwa ili tumhukumu mtu, na tunamhukumu hata yule asiyekuwa na mbwa. Anayetaka kujua tabia ya jirani yake Misunkumilo amwulize mfanyakazi wa nyumba ile kama amelipwa mshahara wa mwezi uliopita.